Bendi Tatu, Jina Moja: Wanyika ni Nani?

Ubishi juu ya muziki wa dansi huanza kwa jambo dogo. Redio inapiga wimbo wa "Sina Makosa", na baba mwenye nyumba anasema huo ni wimbo wa Simba Wanyika. Shemeji yake anakataa katakata na kusema ni wa Les Wanyika. Jirani aliyekuja kuazima pasi naye anaapa kwamba sauti hiyo ni ya Issa Juma, na kwamba Issa Juma alikuwa na bendi yake mwenyewe iliyoitwa Super Wanyika. Katika kantini za jeshi na katika laini za polisi mambo ni hayo hayo, ila huko sauti huwa kubwa zaidi. Ajabu ni kwamba wote watatu wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi.

Bendi zenye jina la Wanyika zilikuwa zaidi ya moja, zote zilifanya kazi Kenya, na mizizi ya wengi wa wanamuziki wake ilikuwa Tanzania. Kuzitofautisha si kazi ngumu kwa mtu atakayefuata habari zao tangu mwanzo.

SIMBA ALIYETOKA TANGA

Chanzo ni ndugu wawili wa mji wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Mnamo mwaka 1966 waliingia katika Jamhuri Jazz Band, moja ya bendi zilizoupa mji huo sifa katika dansi. Baadaye walihamia Arusha, na huko, pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka mpaka na kuingia Kenya, wakapiga kwanza Mombasa na hatimaye wakaweka makao Nairobi. Jina walilolichagua huko ndilo Simba Wanyika.

Nyika ni pori kavu, nchi ya vichaka na majani ya kahawia iliyo nyuma ya ukanda wa pwani. Simba wa nyika, basi, ni simba wa pori hilo, na neno "wa" hapo ni kiungo tu kinachoonyesha simba huyo ni wa wapi. Ndugu hao walikibana kiungo hicho na nyika yake vikawa neno moja. Kosa dogo la uandishi, mwalimu wa shule angesema. Lakini kosa hilo dogo ndilo lililofungua mlango wa mambo yote yaliyofuata, kwa sababu "Wanyika" likisimama peke yake husomeka kama jina la watu, mfano wa Wadigo au Wabondei. Zamani watu wa pwani waliwaita hivyo jamii za bara la karibu ambazo leo zinajulikana kama Wamijikenda, na wenyewe hawakulipenda jina hilo kwa kuwa lilikuwa na harufu ya dharau. Katika ukumbi wa dansi dharau hiyo ilisahauliwa. Wanyika wakawa ni watu wa magitaa.

Muziki wao ulikuwa rumba iliyopikwa kwa Kiswahili. Gitaa la solo lilikwenda polepole na kwa utulivu, sauti za ndugu wawili zikapokezana, na maneno yakawa yale yanayozungumzwa kila siku nyumbani: mapenzi, fedha, majirani, safari. Hawakuwa na haraka. Wimbo uliweza kuchukua pande zote mbili za santuri, upande wa kwanza ukiwa maneno na wa pili ukiwa wa kuchezea.

MWAKA 1978

Mwishoni mwa mwaka 1978 bendi iligawanyika. Waliotoka hawakuwa waimbaji wa mbele ambao umma uliwajua kwa sura. Walikuwa ni Omar Shabani, mpiga gitaa la rithimu aliyepewa heshima ya kuitwa Profesa, Tom Malanga wa gitaa la besi, na Rashid Juma wa ngoma, pamoja na wenzao. Mtu asiyejua vyombo anaweza kudhani hasara hiyo ilikuwa ndogo. Sivyo. Katika bendi ya dansi gitaa la solo ni maua, nayo rithimu, besi na ngoma ni udongo. Shabani alikuwa na namna yake ya kuzungusha nyuzi, mapigo mafupi yanayorudi na kurudi bila kuchosha, na wachezaji walikuwa wakiifuata mikono yake hata kama macho yao yalimtazama mwimbaji.

Waliotoka wakampata mpiga solo John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa akifanya kazi Nairobi na bendi ya Wakongo, na mwimbaji Issa Juma, naye Mtanzania. Wakafanya mazoezi kwa miezi kadhaa kabla ya kujitokeza katika ukumbi wa Garden Square. Jina walilokuja nalo lilikuwa Les Wanyika.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Walimwacha simba kwa wenyewe, wakachukua nyika. Kisha mbele yake wakaweka "Les", neno la Kifaransa ambalo kazi yake ni kuonyesha kwamba kinachofuata ni wingi. Wa- ya Kiswahili nayo huonyesha wingi, kwa hiyo wingi ukatajwa mara mbili, mara kwa Kifaransa na mara kwa Kiswahili, katika jina la bendi ya Watanzania waliokuwa Kenya. Sababu yake haifichiki. Nairobi ya miaka hiyo ilijaa bendi kutoka Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, na Kifaransa kilikuwa kama muhuri wa ubora. Mwaka 1976 tu wanamuziki waliomwacha Baba Gaston walikuwa wamejiita Les Mangelepa, na mambo yakawanyookea.

Mwaka 1979 Les Wanyika wakatoa "Sina Makosa". Mtunzi ni Omar Shabani, mwimbaji ni Issa Juma, na habari yake ni ya mtu anayejitetea mbele ya mwenzake mwenye hasira. Wimbo huo ulienea Kenya, Tanzania na Uganda, na hadi leo bendi za hoteli na za harusi huupiga bila kuombwa mara mbili. Baadaye zikaja "Paulina" na "Pamela". Kwa hiyo wimbo mashuhuri kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa jina la Wanyika ulitungwa na mtu ambaye katika bendi ya kwanza hakuwa mwenye jina.

Je, lilikuwa ni jambo la haki kuchukua jina hilo? Ndugu wa Kinyonga walikuwa na sababu ya kununa. Wao ndio waliolileta, na watu wengi walinunua santuri za Les Wanyika wakidhani wananunua za Simba. Lakini nao waliotoka hawakuwa wageni waliookota jina barabarani. Kwa miaka kadhaa mikono yao ndiyo iliyofanya umma uyapende mapigo ya Wanyika. Tena waliacha sehemu ya jina iliyo na uzito, yaani simba mwenyewe, wakabadili na neno la mbele, na mtu mwenye kusoma vizuri hakudanganywa. Ikiwa kulikuwa na deni, pande zote mbili zilikuwa zikidaiwa. Simba Wanyika nao hawakufa kwa kuondokewa. Waliajiri wengine, wakaendelea kupiga na kurekodi hadi miaka ya 1990, na ugomvi wa jina uliwafanya watajwe kila mahali walipotajwa wapinzani wao.

Issa Juma hakukaa sana na Les Wanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alijitenga na kuunda kundi lake, na hapo ndipo karani wa maktaba ya redio alipopata taabu ya kweli, maana kundi hilo lilitoa kazi kwa majina ya Super Wanyika, Super Wanyika Stars na Wanyika Stars. Wimbo wa "Sigalame" ni wa huyu. Mapigo yake yalikuwa ya haraka zaidi kuliko ya Simba na Les, na sauti yake nzito haikufanana na ya mtu mwingine. Msikilizaji anayetaka kuwatambua watatu hao bila kuuliza aanze na hapo: sauti za ndugu wawili zikipokezana kwa utulivu ni Simba, rithimu inayozunguka bila kukoma na gitaa la Ngereza juu yake ni Les, sauti nzito ya mtu mmoja anayeongoza kila kitu ni Super.

JINA NI LA NANI?

Wanyika hawakuwa peke yao. Katika benga ya Waluo kulikuwa na Victoria Jazz, na kutoka katika ukoo wake santuri zikatolewa kwa majina ya Victoria B Kings na Victoria C Band, kama vile mikondo ya darasa la shule ya msingi. Njia hiyo ya herufi ilikuwa na uaminifu wake. Kila mtu alijua kwamba ziwa ni moja na mitumbwi ni mingi.

Tanzania walikuwa na utaratibu mwingine kabisa, na wasomaji waliovaa sare watauelewa upesi. Bendi nyingi za huko zilikuwa za vyama, mashirika au majeshi. Mwenye bendi alinunua vyombo, akaajiri wanamuziki kwa mshahara, na jina likawa lake. Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, na polisi walikuwa na Polisi Jazz. Mpiga gitaa akihamishwa au akistaafu, jina lilibaki kambini, kama namba ya kikosi inavyobaki ingawa askari wake wamebadilika wote. Chama cha wafanyakazi kilianzisha Nuta Jazz mwaka 1964. Chama kilipobadilisha jina, bendi ikawa Juwata, na baadaye Ottu. Hivyo huko kulikuwa na watu wale wale chini ya majina tofauti, kinyume cha Wanyika.

Utaratibu huo nao ulizaa vituko vyake. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake na kuwavuta wanamuziki sita mashuhuri wa Mlimani Park. Jina la Safari Sound likaendelea mlangoni, lakini aliyeingia ukumbini alikuta nyuso nyingine na muziki mwingine. Bendi mbili, basi, zilitumia jina moja zikifuatana. Kilichowaokoa wapenzi wa dansi ni mtindo. Kila bendi ya Dar es Salaam ilikuwa na jina la mtindo wake, na mtindo ndio uliosema kweli. Safari Sound ya kwanza ilikuwa na Masantula, ya pili ikaja na Ndekule. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na Juwata walikuwa na Msondo. Wenyeji waliacha kabisa kutaja majina ya mashirika. Walisema tu wanakwenda Sikinde au wanakwenda Msondo, na majina hayo mawili yameishi kuliko ya waajiri.

Kinshasa ndiko ugomvi wa majina ulikokuwa mkali kuliko kwingine. Mwaka 1963 wanamuziki wakubwa wa African Jazz walimwacha kiongozi wao Joseph Kabasele na kuunda African Fiesta, chini ya mwimbaji Tabu Ley, aliyejulikana kama Rochereau, na mpiga gitaa Nico Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico. Haikupita muda mrefu nao wakatengana. Tangu mwaka 1965 kukawa na Fiesta mbili, African Fiesta Sukisa ya Nico na African Fiesta National ya Tabu Ley, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuliachia neno Fiesta. Mwaka 1970 Tabu Ley aliondoka katika mvutano huo kwa kuiita bendi yake Afrisa.

Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa mwaka 1969, iligawanyika mwaka 1988. Nyoka Longo alibaki na jina, na Bimi Ombale na wenzake wakaongeza maneno, wakajiita Zaiko Langa Langa Familia Dei. Kisha ikaja zamu ya Wenge Musica, bendi ya vijana iliyoanza mwaka 1981. Mwaka 1997 JB Mpiana na Werrason walipoachana, kila mmoja aliondoka na Wenge yake: Mpiana na Wenge Musica BCBG, Werrason na Wenge Musica Maison Mère, maana yake nyumba mama. Baada ya hapo Wenge zikazaana. Mashabiki wa Kinshasa waligawanyika mtaa kwa mtaa, na kuna vijana waliopigana kwa ajili ya majina hayo kana kwamba ni mipaka ya nchi. Wakubwa wenyewe walipanda jukwaa moja tena Kinshasa mnamo Juni 2022, wakiwa watu wazima wenye mvi.

Ulaya na Marekani majina hugongana pia, lakini mara nyingi kwa bahati tu, kwa watu wasiojuana. Huko Birmingham, Uingereza, kulikuwa na kundi lililoitwa The Beat, na wakati huo huo huko California kulikuwa na The Beat ya Paul Collins. Waingereza walipokwenda kuuza santuri Marekani ilibidi wajiite The English Beat. Vilevile kulikuwa na Nirvana ya London katika miaka ya 1960, wazee watulivu ambao miaka mingi baadaye walishangaa kusikia jina lao likitangazwa dunia nzima kwa ajili ya vijana wa jimbo la Washington waliounda kundi lao mwaka 1987. Mawakili walikutana, fedha zikatolewa, na mambo yakaisha nje ya mahakama. Kwa The Platters na The Drifters mambo yalikuwa ya aibu zaidi. Makundi ya watu ambao hawakuwahi kuimba katika santuri hizo yalizunguka Marekani yakitumia majina hayo, na waimbaji wazee waliohusika kweli wakakosa kazi. Tangu katikati ya miaka ya 2000 majimbo mengi ya nchi hiyo yamepitisha sheria zinazodai kwamba anayetumia jina la kundi la zamani awe na mtu aliyekuwamo katika rekodi, au awe na haki halali ya jina.

FEDHA YA MTUNZI

Watu hudhani ubishi huu ni wa kupitishia jioni. Kwa familia za wanamuziki ni suala la chakula. Wimbo ukipigwa redioni au ukumbini, mirabaha hulipwa kupitia vyama vinavyokusanya haki za watunzi, na malipo hufuata orodha ya nyimbo zilizopigwa. Karani akiandika "Wanyika" na kuishia hapo, au akiandika Simba mahali pa Les, shilingi za mtunzi zinaweza kwenda kwa mwingine au kukaa bila mwenyewe. Haki ya wimbo ni ya aliyeutunga. Haimo katika jina la bendi, na bendi ikivunjika au ikigawanyika mara tatu, mtunzi hubaki yule yule, na baada yake warithi wake.

Wenyewe wa Wanyika wengi hawapo kuja kusahihisha. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, mwaka ule ule ambao Simba Wanyika walitoa "Pepea". Wilson akamfuata mwaka 1995, na pamoja naye bendi ikafikia mwisho. Issa Juma aliondolewa jukwaani na kiharusi mwishoni mwa miaka ya 1980. Omar Shabani alifariki mwaka 1998, na John Ngereza mwaka 2000. Siku hizi nyimbo zao huuzwa katika mikusanyiko mipya na husambazwa kwa simu, mara nyingi zikiwa zimechanganywa pamoja chini ya neno moja, Wanyika, bila jina la mtu hata mmoja.

Ndiyo maana santuri za zamani zilizofungiwa kabatini zina thamani kuliko zinavyoonekana. Santuri ndogo ya zamani ina duara la karatasi katikati. Jina la bendi limeandikwa kwa herufi kubwa, jina la wimbo chini yake, na chini zaidi, kwa herufi ndogo ambazo watu huziruka, kwa kawaida kuna jina la mtunzi. Karatasi hiyo isifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa wino wake huondoka. Santuri isimamishwe wima kama kitabu, isilazwe chini ya nyingine, na isiachwe karibu na dirisha lenye jua kwa kuwa itapinda. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kwa kufuata mizunguko. Iwapo mwenye santuri anaihamishia katika kaseti au katika simu, aandike majina matatu: la wimbo, la bendi kwa ukamilifu wake, na lile la herufi ndogo.